Fuatilieni Majibu ya Ile Nyama: Saratani Tuliyoikuta Kwenye Opresheni ya Tezi Dume ya Baba

Mzee akishatolewa mpira wa mkojo na haja ndogo ikaanza kutoka yenyewe, familia inaona kazi imeisha. Simu zinapigwa, Mungu anashukuriwa, waliochangia wanaambiwa ahsante, na mgonjwa mwenyewe anaanza kuulizia supu. Mimi naandika kwa ajili ya kile kinachosahaulika katikati ya hiyo furaha, yaani ile nyama iliyotolewa. Ile nyama inatakiwa ifike maabara ya patholojia, iangaliwe kwenye darubini, iandikiwe majibu, na majibu yafike kwa mtu anayejua kuyasoma, afu familia nayo iyajue. Hizo hatua zikikatika popote, mzee anarudi nyumbani anakojoa vizuri kabisa huku hakuna anayejua kama ana saratani au hana. Baba yangu alibakiza kidogo sana awe mmoja wao.

Baba ni mwalimu mstaafu, alifundisha hesabu, anakaa Korogwe na mama. Ana miaka 74. Mimi ndo mtoto wa kwanza, wa kike, na kwetu binti hakai akaongea na baba yake habari za chini ya kitovu, kwahiyo taarifa zilikuwa zinazunguka: baba anamwambia mama kwa kifupi, mama anamwambia baba mdogo, baba mdogo ndo ananipigia mimi Dar. Kwa mzunguko huo tulijua kwamba anaamka usiku mara nyingi, mkojo unatoka kidogo kidogo, akimaliza anahisi bado upo. Kituo cha afya wakampa tamsulosini, ikamsaidia kwa muda, afu usiku mmoja mkojo ukafunga kabisa. Asikwambie mtu, mkojo kufunga ni mateso, baba ambaye hajawahi kulia mbele yetu alilia. Akawekewa katheta, ule mpira wa mkojo, akapata nafuu hapohapo, ikatoka mifuko na mifuko, na kuanzia pale ikawa wazi kwamba vidonge pekee havitoshi.

Hospitali kubwa tuliyompeleka walifanya vipimo vyote vinavyotakiwa. Altrasaundi ilionyesha tezi ya kama gramu 70, wakati ya kijana iko kwenye gramu 20 hivi. Dokta alipima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa akasema imevimba pande zote sawasawa, ni laini, hakuna gumu. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuwa 11, na hapo mimi nikashtuka kwa sababu kila mahali unasoma kwamba ikizidi 4 ni shida, lakini dokta akatueleza kwamba kwa mzee mwenye tezi kubwa, mkojo umefunga, ana katheta na amepata maambukizi, PSA inapanda yenyewe bila saratani. Akasema inavyoonekana ni ule uvimbe wa kawaida wa uzee, tunakwangua tezi kwa njia ya mkojo bila kuchana tumbo, baada ya hapo atakojoa.

Nataka nimtetee huyo dokta kabla sijaendelea, kwa sababu ndugu zangu wengine mpaka leo wanasema alikosea. Hakukosea. Ili uelewe kwa nini lazima ujue tezi dume imepangwaje ndani. Ichukulie kama chungwa: kuna nyama ya katikati na kuna ganda. Uvimbe wa uzeeni unaota katikati, kuzunguka njia ya mkojo, ndo maana unabana mkojo. Saratani nyingi, kama asilimia 70, zinaanzia kwenye ganda, hasa upande wa nyuma unaogusana na njia ya haja kubwa, na ndo maana kidole kinaweza kuzigusa. Sasa kuna sehemu ya saratani, robo au pungufu ya robo, zinaanzia hukohuko katikati, mbali na kidole. Hata kinyama cha sindano kile cha kawaida kinachochukuliwa kupitia njia ya haja kubwa kinalenga zaidi ganda la nyuma, kwahiyo ya katikati na ya mbele inaweza kukwepa. Saratani ya aina hiyo inajificha ndani ya uvimbe wa kawaida, na mara nyingi inaonekana tu pale uvimbe ukikwanguliwa na vipande vikapelekwa maabara.

Na jambo lingine watu wanalichanganya sana. Uvimbe wa kawaida haugeuki kuwa saratani. Ni magonjwa mawili tofauti yanayoweza kukaa kwenye tezi moja kwa wakati mmoja kwa sababu yote yanapenda umri mkubwa. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu kuna wauza dawa za mitishamba wanaozunguka na vipaza sauti stendi, na sasa hivi wako WhatsApp, wanatisha wazee kwamba tezi iliyovimba usipoinywea dawa yao itageuka saratani. Wanapiga hela kwa hofu ya watu, na mzee anakunywa machupa mwaka mzima huku kile kilichotakiwa kupimwa hakipimwi.

Opresheni yenyewe ilienda vizuri. Alichomwa sindano ya mgongo, wakaingiza kifaa kwenye njia ya mkojo, wakawa wanakwangua vipande vidogo vidogo na kuvisafisha kwa maji. Wodini alikaa na katheta yenye maji yanayoingia na kutoka kuosha kibofu, mkojo mwekundu, siku ya pili wa pinki, baadae ukaanza kusafika. Wanaouguza wazee mara ya kwanza msiogope ile rangi, muogope zaidi mkojo ukiacha kutoka kwa sababu ya damu iliyoganda, hapo ita nesi haraka.

Sasa kopo. Kwenye hospitali nyingi za kwetu, baada ya opresheni ndugu wa mgonjwa anaitwa dirishani anakabidhiwa kopo la plastiki lenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, na vile vipande ndani, na karatasi ya maombi ya kipimo, anaambiwa apeleke maabara alipie. Kama bima inalipia sawa, kama hailipii unatoa mfukoni. Pale wodini nilikutana na vijana wawili wamemleta baba yao kutoka mbali, walikuwa wameshaishiwa, wakaniuliza dada hii nayo ni lazima? Mzee si ameshapona? Niliwaelewa kabisa. Umeshauza mahindi, umeshachangisha ukoo mzima, mtu mmoja tena anakwambia lipia nyama iliyokwisha kutolewa. Lakini hiyo hela ndo hela ya mwisho inayokwambia kama kazi imeisha au ndo inaanza. Kopo lisikae chini ya kitanda, lisisafiri kurudi nalo kijijini, na msikubali mtu alimwage. Kama hela hamna, ongeeni na ustawi wa jamii wa hospitali pale pale kabla mzee hajaruhusiwa.

Sisi kopo letu lilipelekwa. Tukaambiwa majibu baada ya wiki kama tatu. Baba akaruhusiwa, akarudi Korogwe, akawa anakojoa kama kijana, anatembea mpaka sokoni, anasimulia. Wiki tatu zikapita, mwezi ukapita, hakuna aliyepiga simu, na hospitali haikupiga. Tarehe ya kliniki iliandikwa kwenye karatasi lakini baba aliona nauli ya nini wakati hana tatizo. Mama ndo akasema kwenye simu, bila hata kushtuka, "Lile kopo mlilolipia mbona hamjaambiwa limesemaje?" Nikaenda mwenyewe na namba ya risiti. Kwenye daftari la maabara majibu yalikuwa yameshatoka siku nyingi, yako kwenye faili, faili liko rafuni, na lingeendelea kukaa rafuni.

Niliisoma ile karatasi nimesimama kwenye korido. Sikuelewa mengi lakini neno moja nililielewa.

Baba mdogo ndo aliyempeleka baba kliniki, mimi nikaingia nao, na hapo ile aibu yetu ya baba na binti ikaishia mlangoni kwa sababu kulikuwa hakuna namna. Dokta akamwambia, "Mzee wangu, opresheni ilienda vizuri na uvimbe mwingi ni wa kawaida, ila kwenye baadhi ya vipande wamekuta seli za saratani." Baba akanyamaza, afu akauliza swali ambalo nadhani kila mzee wa namna hii analiuliza: "Dokta, mimi sasa nakojoa vizuri. Hiyo saratani inatoka wapi?" Nikaona ugumu wa habari yenyewe. Ugonjwa uliokuwa unamtesa ulikuwa umeondoka, na huu aliokuwa anaambiwa haumuumi popote. Mtu aliyekwenda kutafuta saratani akaipata ana mahali pa kuiweka akilini. Huyu alikwenda kuzibuliwa mkojo.

Dokta akachukua muda kutueleza, na mengi ya ninayoandika hapa chini nilianza kuyasikia kwake nikaenda kuyasoma zaidi.

Saratani iliyokutwa kwa namna hii inapewa daraja kulingana na imekula kiasi gani cha vile vipande. Ikiwa asilimia 5 au pungufu inaitwa T1a. Ikizidi asilimia 5 inaitwa T1b. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu T1a yenye seli zinazokua polepole kwa mzee mara nyingi inakaa miaka bila kumsumbua mtu, wachache tu ndo inawaendelea, wakati T1b ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea na inahitaji macho zaidi. Na ujue pia kwamba maabara mara nyingi hawachunguzi kila kipande tezi ikiwa kubwa, wanachukua kiasi, na wakikuta saratani kidogo inatakiwa warudi kwenye vipande vilivyobaki ili asilimia iwe ya kweli. Hilo ni swali halali kabisa kumuuliza dokta: vipande vyote viliangaliwa au baadhi?

Afu kuna alama za Gleason, kutokana na Donald Gleason, mtaalamu wa patholojia wa Marekani aliyeutengeneza mfumo huo miaka ya 1960. Mtaalamu anaangalia mpangilio wa seli unaoonekana kwa wingi anaupa namba, anaangalia wa pili anaupa namba, anajumlisha. Baba alipewa 3+4, jumla 7. Mwalimu wa hesabu akasikia saba akaweka kumi chini yake kichwani, akaona asilimia 70, akaona amekwisha. Sio hivyo. Siku hizi namba ya chini inayotolewa kwa kawaida ni 3+3, yaani 6, kwahiyo 6 ndo mwanzo wa ngazi na sio katikati. Ndo maana sasa wanaandika pia makundi, kundi la 1 mpaka la 5, 6 ni kundi la 1, 3+4 ni kundi la 2, 4+3 ni kundi la 3 ingawa nayo inajumlisha 7, 8 ni la 4, na 9 na 10 ni la 5. Baba alipoambiwa yuko kundi la pili kati ya matano alivuta pumzi, akatoa kalamu akaomba dokta arudie, akaandika yote kwenye daftari. Nadhani ile kuandika ilimrudisha kwenye hali yake. Naomba madaktari wanaosoma hapa wawape wazee namba ya kundi pamoja na hiyo nyingine, maana tofauti yake kwa msikilizaji ni kubwa mno.

Ya baba ilikuwa imechukua zaidi ya asilimia 5 kidogo ya vipande, kwahiyo T1b, kundi la 2. Katikati katikati, sio ya kusema lala usingizi na sio ya kusema kimbia.

Hatua iliyofuata ilikuwa kusubiri, na ndugu waliona tunachezea muda. Kuna sababu. Baada ya kukwanguliwa, tezi ina kidonda na damu, ukipiga MRI mapema picha inachafuka, na PSA nayo inahitaji wiki kadhaa ishuke kwenye kiwango chake kipya. Kile kiwango kipya ni cha thamani sana, kwa sababu zile gramu nyingi za uvimbe wa kawaida zilizokuwa zinapandisha PSA zimeondoka, kinachobaki kinasoma vizuri zaidi hali ya tezi iliyobaki. Ya baba ilishuka kutoka 11 mpaka 1.2. MRI miezi mitatu baadae haikuonyesha kitu cha kutiliwa shaka kwenye ganda lililobaki. Na niseme hapa, kwa sababu wagonjwa wengi hawalijui, mtu anayetumia finasteraidi, ile dawa ya kusinyaza tezi, PSA yake inashuka kama nusu baada ya miezi sita mpaka mwaka, kwahiyo namba yake lazima izidishwe mara mbili ndo uione ya kweli. Mwambie kila dokta mpya dawa mzee anazokunywa.

Kikao cha familia kilikuwa kigumu kuliko opresheni. Shangazi zangu wote wawili walitaka "itolewe yote tumalize". Ni wazo la kawaida sana, na lilikuwa moja ya njia tatu ambazo dokta mwenyewe alizitaja. Lakini kutoa tezi nzima baada ya kuwa imeshakwanguliwa ni kazi ngumu zaidi kwa daktari mpasuaji, nyama zimeshikana, na hatari ya mkojo kuvuja baadae inaongezeka. Kwa mzee wa miaka 74 mwenye presha hilo sio jambo dogo. Njia ya pili ilikuwa mionzi, kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar, Jumatatu mpaka Ijumaa kwa wiki kadhaa, na baada ya kukwanguliwa inabidi kidonda kipone kwanza maana mionzi juu ya njia ya mkojo iliyotoka kukwanguliwa inaweza kuibana au kuleta kuvuja. Ya tatu ilikuwa kufuatilia kwa karibu: PSA kila baada ya miezi michache, kidole kila mwaka, MRI na kinyama vikihitajika, na tiba ianze pale ugonjwa ukionyesha unasogea.

Kuna utafiti wa Uingereza unaitwa ProtecT ambao ulitusaidia kufikiri. Wanaume 1,643 waliokutwa na saratani ambayo bado iko ndani ya tezi waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakafanyiwa upasuaji, wengine mionzi, wengine wakafuatiliwa tu. Majibu ya baada ya miaka 15 yalitoka 2023: waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 45, yaani chini ya 3 kwa kila 100, na tofauti kati ya makundi matatu ilikuwa ndogo sana, ingawa kwa waliofuatiliwa tu saratani ilisambaa kwa wengi zaidi kuliko kwa waliotibiwa mapema. Niliposoma nilifurahi, afu nikaendelea kusoma nikatulia. Wale wanaume waligunduliwa kwa kipimo cha PSA na sio kwa kukwanguliwa kama baba, na karibu wote walikuwa wazungu. Marekani, ambako hizi hesabu zinawekwa vizuri, mwanaume mweusi ana nafasi ya 1 kati ya 6 ya kupata saratani hii maishani wakati kwa wanaume wote ni 1 kati ya 8, na vifo kwa weusi ni kama mara mbili ya weupe. Sehemu ya hiyo tofauti ni huduma na umaskini, lakini siwezi kuchukua majibu ya wazungu wa Uingereza nikamfunika nayo mzee wa Korogwe kama yalivyo. Tuliyachukua kama taa moja kati ya kadhaa, na dokta alikubaliana na hilo.

Uamuzi aliutoa baba. Alisikiliza wote, afu akasema atafuatilia, kwa masharti mawili: PSA ikipanda mara mbili mfululizo anaenda mionzi bila kikao kingine, na karatasi zote zikae kwake mwenyewe, nakala kwangu. Shangazi mmoja hakuridhika na bado hajaridhika. Mimi naona uamuzi ulikuwa sahihi kwa mtu huyu, na ungekuwa kundi la 4 au la 5 mimi ndo ningekuwa wa kwanza kumsukuma kwenye mionzi na zile sindano za kushusha homoni. Saratani iliyokutwa kwa bahati sio lazima iwe ndogo, ndo maana huwezi kuchukua uamuzi wa mzee wangu ukampa mzee wako.

Niliongea na wazee kadhaa waliokuwa kliniki siku zile na nikagundua wengi wanaamini kwamba wakishafanyiwa opresheni ya tezi dume, tezi imeondoka, saratani haiwezi kuja tena. Hii imani ni ya hatari. Kwenye kukwangua, na hata kwenye ile ya kuchana ya kutoa uvimbe, ganda linabaki, na ganda ndo mahali saratani nyingi zinaanzia. Mfano mkubwa ni Mandela. Mwaka 1985 akiwa bado mfungwa alipelekwa hospitali Cape Town kufanyiwa opresheni ya tezi iliyovimba. Mwaka 2001, miaka 16 baadae, akakutwa na saratani ya tezi dume, akatibiwa kwa mionzi, na aliishi mpaka 2013 akiwa na miaka 95. Mtu aliyeopereshewa uvimbe bado anatakiwa kupima PSA kama mwanaume mwingine yeyote.

Na kwa wale wanaofikiri haya yanatokea kwetu tu: Januari 2024 Mfalme Charles wa Uingereza alikwenda hospitali kwa ajili ya tezi iliyovimba, na Februari 5 kasri likatangaza kwamba wakati wa matibabu hayo waligundua saratani, ingawa walisema sio ya tezi dume. Hapa kwetu namheshimu sana Rais mstaafu Kikwete kwa alichofanya Novemba 2014 akiwa bado Rais. Alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Johns Hopkins kule Baltimore na hakuficha, akalieleza taifa kwamba ilikuwa saratani iliyokutwa mapema. Baba alikumbuka hilo mwenyewe. Siku za mwanzo alipokuwa hataki jirani yeyote ajue, alimwambia mama, "Kama Rais alisema, na mimi naweza kusema." Jumapili akasimama mbele ya wazee wenzake wa jumuiya akawaeleza, na mama anasema baada ya ibada walimzunguka, kila mmoja anauliza kwa sauti ya chini, na walichouliza zaidi ni habari ya tendo la ndoa. Niwajibu na hapa basi: baada ya kukwanguliwa wengi wanaendelea na nguvu zao, ila mbegu kwa wengi zinarudi nyuma kwenye kibofu badala ya kutoka nje, haina madhara, zinatoka na mkojo.

Jambo lingine la kuuliza kabla ya opresheni. Sasa hivi kuna leza, na baadhi ya aina za leza zinaigeuza nyama kuwa mvuke, hakuna kipande kinachobaki cha kupeleka maabara. Ni njia nzuri kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, siipingi. Lakini kama PSA inatia shaka, basi maswali ya saratani yamalizwe kwanza, kwa MRI au kinyama, kabla ya kuchoma nyama yote ambayo ingetoa ushahidi. Kama baba angefanyiwa hiyo, tusingejua chochote.

Kuna kaka zangu. Mwanaume ambaye baba yake au ndugu yake wa damu ana saratani ya tezi dume, hatari yake ni kama mara mbili, na watu weusi pamoja na wenye historia hiyo ya familia wanashauriwa waanze kuongea na dokta kuhusu PSA wakifika miaka 45. Mdogo wangu ana 46, anaendesha malori. Alikataa kwa sababu ya kidole. Nikamwambia PSA ni damu tu ya mkononi, anza na hiyo, kidole mtaongea baadae na dokta. Akapima, iko chini, amewekewa tarehe ya kurudia. Wa mwisho bado mdogo.

Lakini aliyeguswa zaidi na haya yote ni baba mdogo, yule yule aliyekuwa anabeba taarifa. Yeye aliopereshewa tezi miaka kadhaa nyuma, hospitali nyingine, ya kuchana, na siku moja tukiwa kwenye gari tunatoka kliniki akasema taratibu kwamba ya kwake hakuwahi kuambiwa majibu ya nyama. Nikamwambia twende tukayatafute, kwa sababu maabara za patholojia zinahifadhi vipande kwenye nta kwa miaka mingi na vinaweza kusomwa upya. Tulikwenda. Mhudumu wa pale alitusaidia kwa moyo sana, akafungua madaftari ya mwaka ule, akapitia mwezi mzima kwa kidole, mwezi wa mbele na wa nyuma yake pia. Jina lake halikuwepo. Kopo lake halikuwahi kupokelewa maabara, na baba mdogo hakumbuki lilikabidhiwa kwa nani.

Akapima PSA siku hiyohiyo, ikatoka 6.8, kwa mtu ambaye uvimbe wake ulishatolewa hiyo sio namba ya kuachia. Ameshapangiwa MRI, kinyama kitafuata kama picha itaonyesha pa kuchoma sindano, na namba ya kipimo safari hii anayo yeye, anayo mke wake, na ninayo mimi kwenye simu.